Mifupa, Vielelezo na Maneno: Kazi ya Mtaalamu wa Sayansi ya Jinai huko Rusizi

Wasomaji wetu, hasa wanafunzi wanaojiandaa kuwa wakalimani na wafasiri, hukutana mara kwa mara na ripoti za mahakama zilizojaa istilahi za uchunguzi wa kisayansi wa jinai. Katika toleo hili tumeona vyema tueleze mtaalamu wa fani hiyo hufanya nini hasa. Tumeichagua Rusizi, wilaya ya kusini-magharibi mwa Rwanda ambayo wengi bado huiita Cyangugu, kwa jina la mkoa wa zamani. Pale mtu anaweza kuona umuhimu wa kazi hiyo, na akaona pia hali inavyokuwa isipokuwapo.

Tuanze na jina. Wazungu waliliunda neno lao kutokana na Kilatini, forum, yaani uwanja wa mji ambapo mashauri yalisikilizwa. Asili hiyo inafaa kukumbukwa. Mtaalamu huyu hamkamati mtu, wala hasemi nani ana hatia. Hukichukua kitu kisicho na ulimi, kama mfupa, tone la damu au ganda la risasi, akakiandaa ili kiweze kusikilizwa barazani. Na huko barazani swali la kwanza aghalabu halihusu sayansi hata kidogo. Wakili wa utetezi huuliza: kielelezo hiki kiliokotwa wapi, na nani, na tangu siku hiyo kimepitia mikononi mwa akina nani?

Mwezi Aprili 1994, maelfu ya Watutsi wa Cyangugu walikimbilia parokiani, kwenye kanisa kuu na katika uwanja wa michezo wa Kamarampaka. Baadhi yao waliitwa, wakatolewa uwanjani humo na kuuawa. Mashtaka ya mkoa huo yalisikilizwa Arusha, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Washtakiwa walikuwa watatu: André Ntagerura aliyekuwa waziri, Emmanuel Bagambiki aliyekuwa mkuu wa mkoa, na Luteni Samuel Imanishimwe aliyekuwa kamanda wa kambi ya jeshi ya Cyangugu. Tarehe 25 Februari 2004 wawili wa kwanza waliachiwa huru. Wa tatu alihukumiwa miaka 27, na rufani ya Julai 2006 ikaipunguza hadi 12.

Kesi hiyo ilisimama hasa juu ya kauli za mashahidi, zilizotolewa miaka sita na zaidi baada ya matukio. Majaji walizipima moja moja, na nyingi hazikuwatosha. Hatusemi kwamba mifupa ingebadili hukumu. Hati ya mashtaka yenyewe ilionekana kuwa na kasoro, na mfupa hauwezi kueleza nani alitoa amri. Lakini shahidi anapoambiwa kwamba jambo alilolisimulia halikutokea, mfupa unaweza kumsaidia.

Mfano uko jirani. Ukitoka Rusizi ukafuata ufuko wa Ziwa Kivu kuelekea kaskazini utafika Kibuye. Kuanzia Desemba 1995 hadi mapema mwaka 1996, timu ya shirika la Physicians for Human Rights, ikiongozwa na mwanaanthropolojia Mmarekani William Haglund, ilifukua kaburi la halaiki kando ya kanisa Katoliki la pale kwa niaba ya mahakama ya Arusha. Walitoa mabaki ya watu wasiopungua 493, wengi wakiwa wanawake na watoto. Miongoni mwa wafukuaji alikuwamo Clea Koff, msichana wa miaka 23 ambaye mama yake ni Mtanzania. Mwaka 2004 alichapisha kitabu kuhusu kazi hiyo. Tungefurahi siku moja kukiona kwa Kiswahili.

Walichokitafuta ni mambo manne: jinsia, umri, kimo na jeraha. Nyonga hutofautisha mwanamke na mwanamume. Meno na ncha za mifupa huonyesha umri, kwa kuwa mifupa ya kijana bado haijaungana; ncha ya mtulinga iliyo upande wa kifua huwa ya mwisho kuungana, mtu akikaribia miaka 30. Fupa la paja hukadiria kimo. Jeraha ndilo gumu zaidi, maana mfupa unaweza kuvunjwa na rungu au ukavunjwa na jembe la mfukuaji. Mfupa mbichi hupasuka kama mti mbichi, na kingo zake hupata rangi moja na mfupa wote kadiri unavyokaa ardhini. Mfupa mkavu hukatika kama kuni, na pale ulipokatikia huwa peupe. Kwa tofauti hiyo ndogo, mtaalamu anaweza kumwambia jaji kwamba fuvu hili lilipigwa wakati wa kifo.

Nguo zilifuliwa zikatandazwa ili ndugu waje kuzitambua. Ni wachache mno waliopatiwa majina. Haglund alitoa ushahidi wake Arusha, na tarehe 21 Mei 1999 Clément Kayishema, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Kibuye, alihukumiwa kifungo cha maisha.

Turudi Rusizi. Mabaki bado yanapatikana. Mwaka 2023 ya mamia ya watu yalifukuliwa Mibilizi. Mara nyingi nchini Rwanda kazi hii hufanywa na wenyeji na manusura wenyewe, kwa majembe na mikono, kisha mifupa huoshwa na kuzikwa kwa heshima. Mtaalamu angependa kila mfupa ubaki ulipolala mpaka upigwe picha na kupewa namba. Ndugu aliyengoja miaka 29 anataka kuzika. Sisi hatuthubutu kumlaumu.

Kwa makosa ya leo, mambo yamebadilika sana. Zamani sampuli nyingi za Rwanda zilipelekwa nje, hasa Ujerumani. Mwaka 2018 maabara ya taifa ilianza kazi Kigali, na tangu 2023 imekuwa taasisi kamili. Hupima vinasaba, alama za vidole, sumu, silaha, hati za kughushi, hata simu na kompyuta. Lakini Kigali iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Rusizi, kupitia msitu wa Nyungwe, na safari ya kielelezo huanzia mbali na maabara hiyo. Huanzia, kwa mfano, hospitali ya Gihundwe, penye kituo cha Isange kinachowahudumia waliobakwa na waliopigwa majumbani. Aliyebakwa huhimizwa afike ndani ya saa 72, kabla hajaoga wala kufua, ingawa atapokelewa hata akichelewa. Nguo zake hukaushwa na kutiwa katika mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, na unyevu huotesha ukungu unaoharibu vinasaba. Katika joto la bonde la Bugarama jambo hili si la kupuuza. Mfuko hufungwa na kuandikwa tarehe na saa, na kila anayeupokea hutia saini. Saini moja ikikosekana, mashine bora kuliko zote haitaponya pengo hilo.

Hapo ndipo kazi yetu inapoingia. Ng'ambo ya mto Rusizi ni Bukavu, na mpakani hapo Kinyarwanda, Kiswahili na Kimashi husikika siku nzima. Katika kesi ya Akayesu, iliyohukumiwa Arusha mwaka 1998, majaji walilazimika kupambanua maneno kama kuryamana na gufata ku ngufu, na mtaalamu wa lugha Mathias Ruzindana aliitwa kueleza maneno mengine ya Kinyarwanda na matumizi yake ya wakati ule. Kuryamana ni kulala pamoja; gufata ku ngufu ni kushika kwa nguvu, na ndivyo wanavyotaja ubakaji. Mkalimani akiandika "alilala naye" pale mwanamke aliposema "alinishika kwa nguvu", fomu inayosafiri na mfuko ule wa karatasi hadi Kigali itasimulia kisa kingine. Vinasaba vitathibitisha kwamba mwanamume alikuwapo. Kwamba mwanamke hakuridhia, maabara haina kipimo chake.