Leo Sijanywa

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Maradhi yangu niliyaficha kwa miaka kumi na mmoja. Kila asubuhi nilivuka kivuko cha Likoni kwenda kuwafundisha wanafunzi wa chuo kikuu isimu ya Kiswahili, huku nikitafuna iliki ili kuua harufu. Jioni niliporejea Tiwi nilishuka matatu kituo kimoja kabla ya changu, nikapita minazini kuelekea mangweni. Nilidhani hakuna aliyejua.

Katika Pwani yetu ya kusini, aibu ya mlevi ni maradufu. Sisi ni watu wa mnazi: mti u uani na mgema ni jirani. Papo hapo, wengi wetu ni Waislamu, na kileo ni haramu. Kwa hivyo mnywaji humficha daktari ugonjwa na kuwaficha jamaa dhambi. Akizidiwa, hana wa kumwambia.

Nilijaribu kuacha peke yangu. Siku ya pili mikono ilitetemeka, nikaona vitu visivyokuwapo, kisha nikaanguka kwa degedege mbele ya binti yangu. Hospitalini nilielezwa jambo ambalo kila msomaji anapaswa kulijua: mwili uliozoea pombe kwa miaka mingi, ukinyimwa ghafla, waweza kufa. Anayekunywa kila siku asiache bila ya kumwona daktari kwanza. Nilipokuwa nikiondoka, muuguzi mmoja aliniambia, "Mwalimu, pombe tumekutoa mwilini. Sasa tafuta watu."

Watu gani? Alinieleza kuhusu vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha, na kwamba kimoja kilikuwa papa hapa Tiwi. Sikuenda. Kwa muda wa miezi miwili nilihudhuria kikundi cha ng'ambo, kisiwani Mombasa, ambako hakuna aliyenijua. Lakini usiku wa kiu hauna kivuko cha karibu. Ijumaa moja, baada ya sala ya Isha, nilibisha mlango wa chumba kile cha Tiwi. Aliyenifungulia alikuwa jirani yangu, mzee aliyekuwa mgema maisha yake yote.

"Shikamoo, mzee," nilisema, nikitafuta uwongo wa haraka.

"Marahaba, mwalimu. Pita. Nakungoja tangu mwaka juzi."

Ndani mlikuwamo watu saba, viti vya plastiki na birika la chai. Hapakuwa na daktari, hotuba wala ada. Kila mmoja husema yake kwa zamu, na wengine husikiliza bila ya kumkatiza. Yasemwayo humo hubaki humo. Ndiyo sababu nimemwomba mhariri asichapishe jina langu, nami sitaji nyumba yenyewe.

Mwendo huu ulianzia Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani, mwaka wa 1935, pale walevi wawili, dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, walipogundua kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake kuliko anavyomsikiliza mtaalamu. Humo ndimo ilimozaliwa Alcoholics Anonymous, yenye hatua zake 12. Wapo wanaodhani kwamba hayo ni mambo ya kanisa. Hatua hizo zinamtaja Mungu, ni kweli, lakini kila mtu humwomba kwa jinsi anavyomjua. Na kwa wale wasioamini ila takwimu, mapitio ya utafiti yaliyochapishwa na shirika la Cochrane mwaka wa 2020, yakijumlisha tafiti 27 na washiriki zaidi ya 10,000, yalionyesha kwamba katika kuwasaidia watu wasinywe kabisa, njia hii hailingani tu na tiba nyingine zinazotambulika, bali mara nyingi huzishinda.

Zamu yangu ilipofika nilisema, "Mimi niliacha pombe." Baadaye, tukinywa chai, yule mzee aliniinamia. "Mwalimu, usiseme uliacha. Sema hujanywa."

Miaka mingi nimefundisha kwamba kiambishi -ja- hukanusha tendo hadi wakati wa kusema, huku kikiliachia nafasi ya kutendeka baadaye. Sikuwahi kufikiri kwamba maisha yangu yangetegemea kiambishi hicho. "Niliacha" ni majivuno. "Sitakunywa" ni ahadi niliyokwisha kuivunja mara nyingi mbele ya mke wangu. "Leo sijanywa" ni kweli, na kwa mtu kama mimi, kweli ya siku moja inatosha.

Tangu Katiba ya mwaka wa 2010, utoaji wa leseni za pombe umekuwa kazi ya serikali za kaunti. Anayetaka kuuza pombe anajua ofisi ya kuendea. Anayetaka kuiacha aende wapi? Haihitajiki bajeti kubwa: darasa baada ya masomo, chumba cha zahanati usiku, au ukumbi wa madrasa au wa kanisa. Kadhalika, nawaomba maimamu na wachungaji, pamoja na kukemea dhambi, wamwelekeze mgonjwa penye mlango.

Nawe unayejidhania umefichika, jirani zako wanajua. Huenda mmoja wao anakungoja.