Meko ya Ukutani: Ivunjwe au Iachwe?

Mtu anunuaye fleti katika jengo la kale mjini Montreal, nchini Kanada, huenda akakuta sebuleni meko ya ukutani iliyojengwa kwa matofali, imechukua nafasi ambayo angependa kuweka kabati, naye akashawishika kumwita mwashi aje kuivunja. Lakini kabla nyundo haijainuliwa yafaa afahamu kwamba katika jengo la namna hii, ambamo kila mmoja anamiliki vyumba vyake na wote kwa pamoja humiliki kuta kuu na paa, meko hiyo aghalabu si yake peke yake.

Pahali pa kuwashia moto huweza kuwa milki yake. Amma dohani, ile njia ya moshi ipandayo hadi juu ya paa, kwa kawaida ni mali ya shirika, na ukuta ule mnene uonekanao kuwa wa bure huenda umebeba ndani yake njia ya moshi ya jirani wa ghorofa ya chini. Aubomoaye bila ya kuchunguza huweza kuikaribisha chumbani mwake hewa ya sumu isiyo rangi wala harufu. Tena matofali ya juu, yakikosa ya kuyabeba, hupasuka na hata kuporomoka. Meko za sanduku la chuma, zilizomo katika majengo ya karibuni, kuzing'oa ni kazi nyepesi zaidi.

Wapendao kuvunja wana hoja nzito. Washa kijiti cha udi siku ya baridi, ukishike mdomoni mwa meko isiyo na moto ambayo kilango cha dohani yake kimeachwa wazi, utauona uzi wa moshi ukijipinda na kuvutwa juu. Ndivyo itorokavyo, usiku na mchana, hewa uliyoilipia kuipasha joto. Isitoshe, tangu tarehe 1 Oktoba 2018 sharia ya mji imekataza meko ya kuni itoayo zaidi ya gramu 2.5 za chembechembe za moshi kwa saa, kwa sababu ya madhara yake mapafuni.

Lakini sharia hiyo hiyo huruhusu kuni ziwashwe umeme ukikatika kwa zaidi ya saa tatu, na wenyeji hawahitaji kuelezwa sababu: Januari 1998 mvua ya barafu ililemea nyaya hata minara ya chuma ikaanguka, na watu zaidi ya milioni tatu wa jimbo la Quebec wakakaa gizani na baridini, wengine kwa majuma kadha.

Kwa hiyo mimi naona meko ya matofali iliyo nzima iachwe, kilango chake kifungwe barabara, na dohani isafishwe masizi kila mwaka ikiwa itatumika. Aliyekwisha kuazimia kuivunja na amtafute kwanza mhandisi, apate idhini ya jumuiya ya wamiliki kwa maandishi, na kampuni ya bima ijulishwe kabla tofali la kwanza halijatolewa.