KOTI JEUPE SI PAMBO, NI KIFAA CHA KAZI



Wengi wetu tukisikia habari za koti jeupe tunamfikiria daktari peke yake. Lakini hapa Kasese koti hilo linawahusu watu wengi: anayepima damu hospitalini Bwera, anayepima saruji katika maabara ya kiwanda kule Hima, mhudumu wa zahanati ya shamba, hata mfagiaji anayebeba taka za maabara. Kwa hiyo ni jambo la chama.

Mara nyingi koti hununuliwa kwa kutazama bei na weupe tu. Swali la kwanza liwe hili: katika kazi hii, ni kitu gani kinachoweza kumrukia mfanyakazi? Jibu la swali hilo ndilo linalochagua koti.

Kama kuna moto au vitu vinavyoshika moto upesi, chagueni pamba tupu. Pamba huungua, lakini haiyeyuki. Poliesta na nailoni huyeyuka na kugandamana na ngozi. Mwezi wa Desemba 2008, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, msaidizi wa maabara mwenye miaka 23 alishikwa na moto wa kemikali. Alikuwa amevaa sweta ya nyuzi za kiwandani, na hakuwa na koti la maabara. Alikufa baada ya siku 18.

Pasipo moto, kitambaa cha pamba iliyochanganywa na poliesta kinafaa, kwa sababu hakichakai upesi na hukauka haraka. Lakini kumbukeni kwamba damu hupenya kitambaa, na tindikali kali hula pamba. Anayeshughulika na damu nyingi avae aproni ya plastiki juu ya koti. Anayemimina tindikali avae aproni nzito ya mpira au plastiki, pamoja na glovu na miwani ya kukinga macho.

Sasa tutazame mshono. Koti lifike magotini, ili mtu akiketi mapaja yafunikwe. Mikono iwe mirefu na ibane kwenye kifundo, ili glovu ipite juu yake. Mkono mpana hukokota chupa na kuingia kwenye moto. Vifungo vya kubonyeza ni bora, kwa maana mtu akimwagikiwa hulivua koti kwa mvuto mmoja. Na lifungwe mpaka juu: koti lililoachwa wazi halikingi kifua. Wodini ni habari nyingine. Huko Uingereza, mwaka 2007 wizara ya afya iliagiza wanaohudumia wagonjwa waache mikono wazi chini ya viwiko, ili wanawe vizuri. Basi koti la mikono mifupi kutoka kwenye mitumba, hata likiwa zuri, si la maabara.

Koti lina mpaka wake. Juni 2019 Ebola ilivuka kutoka Kongo. Mtoto wa miaka 5 alipelekwa Hospitali ya Kagando, akahamishiwa Bwera kwenye kitengo cha kutenga wagonjwa, akafariki. Kabla ya hapo wafanyakazi wa afya karibu 4,700 nchini Uganda walikuwa wamekwisha kuchanjwa. Kwa ugonjwa wa namna hiyo hutakiwa vazi zima lisilopenya maji, glovu, kinga ya uso na buti. Mtu asikubali kuambiwa, "Una koti, ingia."

Jambo la mwisho ni kufua. Koti lenye damu au kemikali likienda nyumbani, hatari inakwenda nalo kwenye beseni la nguo za watoto. Libaki kazini, lifuliwe kazini, na anayelifua apewe glovu. Asivae mtu koti hilo kantini wala sokoni. Na koti moja halitoshi: moja likifuliwa, jingine livaliwe, na la tatu liwe akiba.

Nani alipe? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga vinavyofaa. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Kukatwa mshahara kwa ajili ya koti si jambo la kunyamazia.

Basi kila tawi liandike orodha: nani anafanya kazi gani, anaguswa na nini, anahitaji kitambaa gani, kipimo gani na makoti mangapi. Orodha hiyo iletwe mezani tunapozungumza na mwajiri, na iandikwe katika mapatano pamoja na nani atafua na lini koti bovu litabadilishwa. Ahadi ya mdomo haikingi tindikali.