Mwalimu Mtarajiwa Katika Darasa la Wachuma Chai

Mimi bado ni mwanachuo wa ualimu. Jioni nafundisha kisomo cha watu wazima katika shamba moja la chai. Mwanzoni niliandika “a, e, i, o, u” ubaoni na kuamuru waitikie. Walikuwa shambani tangu alfajiri, wakasinzia.

Nikakumbuka habari za Paulo Freire wa Brazil. Mwaka 1963, huko Angicos, wafanyakazi 300 hivi walifundishwa kusoma kwa saa 40 tu. Njia yake ilianza na maneno ya kazi, kama “tofali”, yakijadiliwa kabla ya kusomwa. Wanajeshi walipotwaa serikali mwaka 1964, walimtia ndani.

Basi nikafuta irabu, nikaandika “mizani”. Mama mmoja akatoa karatasi yake ya kilo: “Mwalimu, hapa wamekata nini?” Tukasoma: kilo 2 za kikapu, kila mzigo. Kikapu chenyewe, wakasema, hakifiki hata kilo 1! Mabishano yakawaka, nami nikakaa kitako kusikiliza.

Jumatatu wanafunzi 14 walimwendea karani, karatasi mkononi. Anasema atauliza juu.

Irabu hatujazimaliza, na Ijumaa mkufunzi wangu anakuja kunikagua.