Furaha Ndani ya Dhiki: Imani, Wimbo na Madai ya Haki katika Historia ya Uganda

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna waumini wa Uganda walivyoipata na kuidumisha furaha ya imani katika vipindi viwili vya mateso: mauaji ya Wakristo wa kwanza wa Buganda (1885–1886) na mauaji ya Askofu Mkuu Janani Luwum (1977). Hoja kuu ni kwamba furaha hiyo haikuwa hali ya moyo iliyozuka yenyewe, wala njia ya kuyasahau maumivu. Ilikuwa desturi ya pamoja iliyofunzwa kwa wimbo, ushuhuda na kumbukumbu, na iliwapa waumini nguvu ya kuutaja uovu kwa jina lake. Kwa sababu hiyo, mshauri wa sera anayeichukulia furaha ya wenye dhiki kuwa dalili ya kuridhika huisoma vibaya.

1. Utangulizi

Watu wanaoishi katika dhiki huimba. Huimba kambini, wodini, matangani na njiani wanapokimbia. Jambo hili limewatatiza watafiti wa jamii kwa muda mrefu, na maelezo mawili yamezoeleka. La kwanza husema kwamba dini ni kileo: humtuliza mnyonge ili asidai haki yake. La pili, ambalo limepata nguvu katika mipango ya maendeleo ya siku hizi, husema kwamba imani ni akiba ya ustahimilivu, na kwamba jamii yenye akiba hiyo huweza kuvumilia mengi kwa msaada kidogo. La kwanza hulaumu na la pili husifu, lakini yote mawili humwona anayeimba kuwa mtu aliyekubaliana na hali yake.

Historia ya Uganda inatoa ushahidi wa kuyapima maelezo hayo. Kabla ya kuutazama ushahidi huo, inafaa kuyachunguza maneno ambayo Kiswahili kinayatumia, kwa kuwa yanabeba tofauti ambazo mjadala wa sera huzipoteza.

2. Ustahimilivu na faraja

Neno ustahimilivu linatokana na kitenzi stahimili, chenye asili ya Kiarabu na undugu na maneno himila na hamali. Kiini chake ni mzigo. Anayestahimili ni anayebeba, na neno lenyewe haliulizi nani aliuweka mzigo huo begani wala utateremshwa lini.

Dhiki nayo, kwa asili yake, ni ubano: mahali pembamba pasipo na nafasi ya kugeuka. Kinyume chake ni faraja, ambayo asili yake ni kufunguka, yaani kutoka katika ubano na kupata nafasi. Methali isemayo kuwa baada ya dhiki faraja, basi, haimsifu mtu kwa kubeba. Inatangaza kwamba ubano una mwisho. Furaha ina mzizi mwingine, ingawa kwa sikio la Mswahili maneno hayo mawili hukaribiana na mara nyingi huandamana katika dua na mahubiri. Kwa mwenye imani, furaha ndani ya dhiki ni kuionja faraja kabla haijafika, kwa kuwa anayeiahidi anaaminika. Subira katika maana hii ni kungoja kitu mahususi, na anayengoja hajakubali kwamba alichonacho kinatosha.

Tofauti hii ndiyo msingi wa makala. Ustahimilivu hupimwa kwa uzito ambao mtu anaweza kuubeba. Furaha ya imani hupimwa kwa kile ambacho mtu anakitarajia, na kwa hiyo ndani yake mna hukumu juu ya hali iliyopo.

3. Buganda, 1885–1886

Uislamu ulitangulia kufika Buganda kwa njia ya wafanyabiashara wa pwani, na Kiswahili kilifika pamoja nao. Wamishenari wa Kianglikana walipofika mwaka 1877, wakifuatwa na wa Kikatoliki mwaka 1879, walikuta lugha hiyo ikifahamika kwa kiasi fulani katika ikulu ya Kabaka Mutesa I. Alexander Mackay, aliyefika mwaka 1878, alianza kufundisha kwa kutumia sehemu za Biblia zilizotafsiriwa kwa Kiswahili huko Unguja chini ya Askofu Edward Steere. Waumini wa kwanza waliitwa wasomaji, na wengi wao walianza kusoma kwa Kiswahili kabla Kiganda hakijapata vitabu vyake.

Mutesa alifariki mwaka 1884 na mwanawe, Mwanga, akarithi kiti. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu waliohusiana na misheni ya Kianglikana, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa na kuchomwa moto huko Busega. Masimulizi yaliyowafikia wamishenari yalisema kwamba vijana hao waliimba katika saa yao ya mwisho, na wimbo unaotajwa ni ule wa kumsifu Mungu kila siku, ambao walikuwa wamefundishwa kwa Kiswahili. Baadaye wimbo huo ulienea kwa Kiganda na ukajulikana kuwa wimbo wa mashahidi. Mauaji yaliendelea, na tarehe 3 Juni 1886 kundi kubwa liliteketezwa Namugongo, akiwamo Karoli Lwanga. Orodha inayokubalika ina Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Namugongo panakumbukwa pia kwa Waislamu waliouawa katika utawala wa Mutesa kwa kushikamana na imani yao.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba wimbo ulikuwa umejifunzwa. Vijana hao hawakubuni furaha mbele ya moto. Walikwenda na kile walichokizoea katika darasa la kusoma na katika sala za kila siku. La pili ni kwamba kuimba kwao hakukuwa kukubali. Waliouawa Namugongo walikuwa kwa sehemu kubwa watumishi wa ikulu waliokataa amri ya mtawala mwenye mamlaka juu ya uhai wao. Furaha na kukataa vilikuwa kitendo kimoja.

4. Walokole: furaha kama nidhamu

Kizazi kilichofuata kiliirithi imani iliyotulia, na kwa maoni ya wengi ilikuwa imepoa. Uamsho ulioibadili hali hiyo ulizaliwa katika wakati mgumu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 njaa kali iliikumba Rwanda, na daktari Mwingereza Joe Church, aliyehudumu Gahini, alikuwa amechoka kwa kazi na kwa kukata tamaa. Mwaka 1929 alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda wa Namirembe, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ulioanzia Gahini ulienea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Wafuasi wake waliitwa Balokole, na Kiswahili kikawapokea kwa jina la walokole.

Wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza, ukawa salamu iliyovuka mipaka ya lugha na nchi. Lakini wimbo huo ulikuwa na mahali pake katika mpangilio maalumu. Katika ushirika wa walokole mtu alisimama, akakiri kosa lake mbele ya wenzake kwa kulitaja wazi, akaahidi kurudisha alichoiba au kumwendea aliyemkosea, ndipo wenzake walipoimba. Furaha ilikuja baada ya ukweli kusemwa. Mpangilio huu uliwafunza maelfu ya wakulima, walimu na wauguzi jambo ambalo lingekuwa na uzito mkubwa baadaye: kwamba kuficha uovu na kufurahi haviwezi kukaa pamoja. Janani Luwum, mwalimu kijana wa Acholi, aliingia katika ushirika huo mwaka 1948.

5. Februari 1977

Luwum alikuwa Askofu Mkuu wa jimbo lililozijumuisha Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire tangu mwaka 1974. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977 askari waliivamia nyumba yake wakidai kutafuta silaha. Maaskofu walikutana na kuandika barua kwa Rais Idi Amin, ya tarehe 10 Februari, wakilalamikia upekuzi huo, kutoweka na kuuawa kwa raia, na tabia ya vyombo vya usalama. Tarehe 16 Februari Luwum aliitwa Kampala, akakamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Wilson Oryema na Charles Oboth Ofumbi, na wote watatu wakauawa. Serikali ilitangaza kwamba wamekufa katika ajali ya gari.

Kaburi lilikuwa limechimbwa Namirembe, karibu na kaburi la Askofu James Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Mwili haukutolewa, ulizikwa kijijini Mucwini, na ibada ya kumkumbuka ilipigwa marufuku. Hata hivyo, Jumapili ya tarehe 20 Februari watu walifurika Namirembe kwa ibada ya kawaida. Baada ya ibada walisimama kando ya kaburi tupu, wakasikia kwa kinywa cha Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti habari ya kaburi jingine lililokutwa tupu, na wakauimba wimbo wa mashahidi wa 1885.

Tendo hilo linaweza kusomwa kwa namna moja tu inayolingana na mazingira yake. Serikali ilikuwa imetoa maelezo yake ya kifo, na kuyapinga kwa maneno kulikuwa hatari. Kuuimba wimbo wa waliouawa na mtawala, kando ya kaburi la mtu anayesemekana kufa ajalini, kulikuwa kutangaza kwamba huyu naye ameuawa na mtawala. Kila aliyekuwapo alielewa. Machozi yalikuwapo, hofu ilikuwapo, na furaha ilikuwapo pia, kwa sababu wimbo uliwaunganisha na watu ambao Mwanga hakuweza kuwanyamazisha.

Siku hizo hizo Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mlokole mwingine, alitoroka kwa miguu na mkewe kupitia milimani hadi Rwanda. Mwaka huo huo alichapisha kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Baadhi ya watu walikwazika. Hata hivyo, akiwa uhamishoni Kivengere hakuacha kuueleza ulimwengu habari za mauaji. Alisamehe bila kuficha, kama ushirika wa walokole ulivyomfunza.

6. Mipaka

Itakuwa ni kosa kuihitimisha hoja hapa. Rwanda, chimbuko la uamsho, iliona mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na miongoni mwa mahali walipouawa watu kwa wingi ni majengo ya makanisa, kama yale ya Nyamata na Ntarama. Nyimbo za sifa zilikuwa zikiimbwa katika makanisa ya nchi hiyo kwa miongo mingi.

Ukweli huu unaonyesha mahali ambapo furaha ya imani hupoteza uhai wake. Pale wimbo unapobaki na ungamo likaondoka, pale ushirika unapokubali kugawanyika kwa kabila huku sauti zikiendelea kupanda, furaha hugeuka kuwa pambo. Kinachoipima si nguvu ya sauti wala wingi wa waimbaji. Ni kama ndani yake kuna nafasi ya kusema kilichotendeka, na kama jirani anayehatarishwa anahesabiwa kuwa mwenza katika wimbo huo.

7. Maana kwa watafiti na washauri wa sera

Kwanza, taarifa inayosema kwamba jamii fulani ina imani na furaha isitumiwe kuwa sababu ya kupunguza msaada au kuahirisha uchunguzi wa madhila yake. Waliokusanyika Namirembe hawakusema kwamba wanaweza kubeba zaidi. Mtafiti anayesikia wimbo auliza: wimbo huu ulitoka wapi, unamkumbuka nani, na ni jambo gani linaloweza kusemwa ndani yake ambalo haliwezi kusemwa nje?

Pili, desturi zinazoibeba furaha huhitaji mahali na muda. Mazishi, ibada za kumbukumbu na hija ni miundombinu ya jamii yenye majeraha. Kila mwaka kabla ya tarehe 3 Juni mahujaji hutembea kwa siku nyingi hadi Namugongo, wakitoka Uganda yenyewe, Kenya, Tanzania na Rwanda. Tarehe 16 Februari sasa ni siku ya mapumziko nchini Uganda. Mpango wa makazi ya wakimbizi usiotenga mahali pa kuzika na kukusanyika umeacha kitu cha lazima.

Tatu, kuna jambo linalokihusu Kiswahili chenyewe. Nchini Uganda lugha hii hukumbukwa na wengi kuwa sauti ya kambi ya jeshi na ya kizuizi cha barabarani, na tangazo la utawala wa Amin la mwaka 1973 la kuifanya lugha ya taifa halikuisafisha kumbukumbu hiyo. Wanaoifundisha leo, ikiwa lugha rasmi ya pili, wana historia nyingine ya kuieleza. Miaka mingi kabla ya kuwa lugha ya amri, ilikuwa lugha ambayo vijana wa Buganda walijifunzia kusoma, kusali na kuimba, na waliipeleka sifa hiyo hadi Busega.