Mawe ya Great Zimbabwe na siasa

Wenzangu, juu ya nini serikali iogope mawe ya zamani? Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba Great Zimbabwe, akaona ni Waafrika ndio walijenga. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson akahakikisha vilevile. Lakini utawala wa Wazungu wa Rhodesia ulijitetea kwamba Waafrika hawana historia. Ukweli huo uliusumbua. Mwanaakiolojia Peter Garlake hakukubali kunyamaza, akaondoka nchini 1970. Mwaka 1980 nchi huru ikachukua jina la mawe yale.

Kwetu Kongo pia tunagombania nani alifika wa kwanza. Mimi wa agronomi nasoma udongo: kipande cha chungu kinaonyesha watu waliishi pale. Hakimpe mtu haki ya kufukuza jirani.