Sukari Inayotupwa Mtaa wa Kongo

Mara ya kwanza muwa unapita kwenye rola ukiwa mzima, na maji yanamiminika ndooni na povu lake la kijani. Mara ya pili unakunjwa katikati, unatiwa kipande cha tangawizi na ndimu. Mara ya tatu unakunjwa tena, umebapa kama mkanda. Ya nne mkamuaji anausukuma kwa kiganja, rola zinalalamika, yanatoka matone. Anautupa kwenye kiroba nyuma yake.

"Huu umekwisha," anasema.

Haujakwisha. Hilo ndilo lililonigandisha hapo Kariakoo, glasi mkononi, wabeba mizigo wakinifokea niwapishe.

Katika muwa wa kawaida, uzito wa nyuzi kavu haupishani sana na uzito wa sukari iliyomo kwenye maji yake. Na karibu theluthi mbili ya nyuzi hizo ni sukari vilevile, ila imefungwa minyororo mirefu na kushikiliwa na lignini, gundi inayoufanya muwa usimame. Ulimi hauionji. Mwaka 1819 Mfaransa Henri Braconnot alitia matambara ya kitani kwenye asidi ya salfa, akapata sukari. Kazi ngumu ni kuilegeza kwanza ile gundi, vimeng'enya vinavyoikata minyororo hiyo vipate pa kuingilia. Asidi ina haraka, lakini lazima izimwe kwa chokaa, na jasi inayobaki nayo inatafutiwa pa kutupwa. Mvuke wa nyuzijoto kama 200, ukishindiliwa kisha ukaachiwa ghafla, huzipasua nyuzi bila kemikali nyingi. Gharama yake ni moto. Uyoga wa mamama huitafuna lignini taratibu, wiki kwa wiki, na sehemu ya sukari huila wenyewe.

Nilimsimulia yote haya huku akihudumia wateja.

"Sasa hiyo sukari inanyweka, kaka?"

Si ya kunywa, nikamwambia. Huchachushwa ikawa ethanoli, kama wafanyavyo Brazil. Tena sehemu yake hamira ya kawaida haiwezi kuila.

Akacheka. Kuchacha anakujua kuliko mimi. Makapi ya asubuhi, alinieleza, jioni yananuka pombe na nzi wamejaa, kwa hiyo kila siku analipa mkokoteni uyaondoe. Zamani alikuja mfugaji akawa anayachukua. Ng'ombe wanayala wakikosa majani. Siku hizi haji.

Viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa havina shida hiyo. Makapi yake yako palepale kiwandani, yanaingia kwenye boila, yanatoa mvuke na umeme. Ya Kariakoo ni mabichi na yametawanyika, kiroba hapa, kiroba kule. Nani atayakusanya kabla hayajachacha, na kwa mafuta ya nani?

Mkamuaji alikuwa na swali lake, na sikuwa na jibu.

"Huyo mwenye kiwanda atayafuata mwenyewe," aliuliza, "au mkokoteni bado nalipa mimi?"